Mwanamke na hela ya uzeeni: maswali ninayoulizwa kila mara

Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kuandaa mishahara, kwaiyo kila nikienda kwenye kikao cha kikoba, saluni, msibani hata, kuna mama au dada atanivuta pembeni aniulize "ivi mi nikistaafu nitapata shi ngapi?" Maswali yanafanana, nimeona niyaandike yote sehemu moja. Mengi nazungumzia Tanzania bara manake ndo naijua vizuri, Zanzibar nimeigusa huko chini.

Kwani kustaafu kwa mwanamke kuna tofauti gani, si mstaafu ni mstaafu tu?

Sheria ni ile ile. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60, mwanamke na mwanaume sawa. Kikokotoo (ile hesabu ya kupata mafao yako) hakiulizi we ni mke au mume, kinauliza vitu viwili tu: umechangia miezi mingapi na mshahara wako ulikuwa kiasi gani. Sasa hapo kwenye miezi ndo wanawake tunaumia. Nani anaacha kazi mtoto akiumwa muda mrefu? Nani anamfuata mwenzake akihamishiwa Kigoma? Nani anarudi kijijini kumuuguza mama mkwe? Halafu kwa kawaida tunaishi miaka mingi kuliko wanaume, yani hela ndogo zaidi inatakiwa ikae muda mrefu zaidi. Ukilielewa hili la miezi umeelewa zaidi ya nusu ya ninayoandika hapa.

Icho kikokotoo kinapigwaje? Nielezee kama mtu wa darasa la saba

Sawa. Chukua wastani wa mshahara wako wa mwaka, ule wa miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, gawanya kwa 580. Unapata pensheni kamili ya mwaka. Hiyo inagawanyika: sehemu moja unalipwa kwa mkupuo siku ukistaafu (wanaizidisha mara 12.5), sehemu inayobaki unalipwa kila mwezi mpaka unafariki. Sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33 kuanzia Julai 2022, kelele zikawa nyingi, na kuanzia Julai 2024 ikapandishwa, watumishi wa umma asilimia 40 na wanachama wa NSSF (mfuko wa pensheni wa sekta binafsi) asilimia 35.

Tupige hesabu. Dada wa kampuni binafsi, yuko NSSF, mshahara laki kumi kwa mwezi, yani milioni 12 kwa mwaka, amechangia miezi 300 (miaka 25). Milioni 12 mara 300 gawanya kwa 580 ni kama 6,206,900. Asilimia 35 ya hiyo mara 12.5 ni mkupuo wa kama milioni 27.15. Asilimia 65 iliyobaki gawanya kwa 12 ni kama 336,200 kila mwezi.

Sasa mchukue mwenzake, kazi ile ile, mshahara ule ule, ila alikaa nyumbani miaka mitano kulea. Miezi 240. Mkupuo milioni 21.7, na kila mwezi kama 269,000. Tofauti ni 67,000 kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake, na milioni tano na nusu hivi ya mkupuo. Miaka mitano ile aliyokuwa anabadilisha nepi ndo imekula hiyo hela. Sisemi asilee, nasema ajue bei yake, na mwenzake ndani ya nyumba naye aijue.

Nikiacha kazi kulea mtoto michango yangu inapotea?

Haipotei. Inakaa kwa jina lako, ukirudi kazini unaendelea na namba yako ile ile, usifungue mpya! Nimekutana na wamama wana namba tatu za uanachama, kila mwajiri alimfungulia yake, kuja kuziunganisha ukiwa na miaka 59 ni kazi ya kupanda daladala miezi mingi. Ukihama kutoka sekta binafsi kwenda serikalini, yani NSSF kwenda PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma), vipindi vyako vya kuchangia vinaunganishwa pia, ila uliza na ufuatilie mwenyewe.

Likizo ya uzazi ni siku 84, ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100, na ni likizo ya malipo, kwaiyo michango inatakiwa iendelee kama kawaida. Angalia slipu za miezi hiyo mitatu kwa macho yako. NSSF pia kuna fao la uzazi kwa aliyechangia angalau miezi 36, wengi hawalijui kabisa wanaliacha.

Na kama unaacha kazi kwa muda mrefu unaweza kuendelea kuchangia mwenyewe kwa hiari hata kidogo, ili miezi isikatike. Hapa nawaambiaga wanandoa wachanga: kama mmekubaliana mama akae nyumbani, basi mchango wake ulipwe na mshahara wa baba, uwe kwenye bajeti kama umeme na maji. Hapewi kama zawadi, ni sehemu ya gharama ya kulea mtoto wenu.

Miaka 15 ni ya nini? Nimesikia ukikosa hiyo hupati kitu

Kitu unapata. Ila ili ulipwe pensheni ya kila mwezi lazima uwe na michango ya miezi 180, yani miaka 15, haihitaji iwe mfululizo. Ukiwa na pungufu unalipwa mkupuo maalum mara moja basi, hela ya kila mwezi hakuna. Mama mwenye miezi 171 anayetaka "kupumzika" mi namwambia mama nakuomba, vumilia miezi tisa, au ichangie kwa hiari. Hiyo miezi tisa ni pensheni ya maisha.

Nitajuaje kama bosi anapeleka michango yangu kweli?

Kukatwa kwenye slipu sio ushahidi kwamba imefika. Nalisema hili kwa uchungu manake mimi mwenyewe lilinikuta. Kazi yangu ya kwanza nilikatwa asilimia 10 kila mwezi, slipu inaonesha vizuri kabisa, nikawa nazipanga kwenye faili. Nilipokuja kuangalia taarifa yangu kwenye mfuko nikakuta miezi 14 haipo, mweupe. Mwajiri alikuwa anakata na kukaa nayo. Ilichukua karibia miaka miwili kulipwa, na kilichoniokoa ni zile slipu nilizotunza, wenzangu wawili waliozitupa walisumbuka mno.

Kwaiyo: NSSF mnachangia jumla asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida wewe 10 na mwajiri 10. PSSSF we 5, mwajiri 15. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha awe amepeleka. Jisajili kwenye mfumo wa mtandaoni wa mfuko wako (PSSSF wana programu ya simu inaitwa PSSSF Kiganjani, NSSF wana lango la mwanachama), uangalie kila miezi mitatu. Ukiona pengo andika barua au nenda ofisi ya mfuko ya mkoa wako, mfuko una nguvu ya kumdai mwajiri hadi mahakamani. Ukisubiri mpaka kampuni ifilisike utamdai nani?

Na nyie mnaoajiri dada wa kazi nyumbani: yeye naye ni mfanyakazi. Anakulelea wanao ili wewe uchangie pensheni yako, naye ana uzee unaomsubiri.

Mi sina mwajiri, nauza vitenge / nashona / nina genge. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kuliko mtu yeyote, manake wewe hakuna anayekukata kwa lazima. NSSF ina mpango wa waliojiajiri, kima cha chini kilichowekwa ni 30,000 kwa mwezi, na ukitaka na matibabu ni 52,200. Unaweza kulipa kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi, kwa msimu, kwa simu tu. Msusi, mama lishe, fundi cherehani, wote wanaingia.

Ila niwe mkweli, 30,000 ni ya kuingilia mlangoni. Ukiwa na mwezi mzuri ongeza. Kuna mama mmoja anauza vitumbua jirani yangu, ana kopo mbili za maziwa ya unga, moja ya unga na mafuta ya kesho, nyingine ameandika kwa kalamu nyekundu UZEE. Kila asubuhi akimaliza sinia la kwanza anatupia buku mbili kwenye kopo la UZEE kabla hajahesabu faida, Ijumaa anaenda kwa wakala anatuma yote. Nilimuuliza mbona kabla ya kuhesabu faida, akaniambia "nikishahesabu nitaona haitoshi." Buku mbili kwa siku 26 ni 52,000 kwa mwezi.

Kikoba chetu kinatosha, ya nini tena mifuko?

Kikoba nakipenda, niko nacho mwaka wa tisa. Ila angalia kinavyofanya kazi: mnaweka, mnakopeshana, mwisho wa mwaka mnavunja mnagawana, na ile hela inaenda ada za Januari. Kila mwaka mnaanza sifuri. Hicho ni chombo cha mwaka mmoja, uzee ni wa miaka ishirini. Ukitaka kikoba kikusaidie uzeeni fanyeni makubaliano kwamba sehemu ya gawio, hata robo, inaenda moja kwa moja kwenye mfuko au vipande vya UTT (nimevieleza huko chini) vya kila mwanachama kabla hamjashikishwa mkononi. Sisi tulianza na wanachama sita kati ya 25, sasa tuko 19.

Na kikundi kisajiliwe halmashauri, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka hivyo, mweka hazina akitoroka angalau mna pa kuanzia.

Upatu si akiba ya uzee, tusiuongelee hapa.

Mume wangu ana pensheni nzuri, si ni yetu wote?

Akiwa hai na mnapendana, ndiyo, inaingia ndani ya nyumba mnakula wote. Swali langu ni akitangulia. Kwa wengi wetu hivyo ndo inakuwa, waume wengi ni wakubwa kwetu kwa miaka mitano, kumi, na sisi tunaishi zaidi, kwaiyo mwanamke aliyeolewa ajiandae kwamba kuna miaka ya mwisho atakuwa peke yake.

Mfanyakazi au mstaafu akifariki kuna mafao ya wategemezi, ila yana masharti na yanagawanywa, kuna mjane, kuna watoto, wakati mwingine kuna wazazi wake. Usipige hesabu kwamba ile ile iliyokuwa inaingia kwake itaanza kuingia kwako kila mwezi. Na mpaka ufike huko unaombwa cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha kifo, barua za mahakama ya mirathi. Kama mlifunga ndoa ya kimila au mmeishi tu miaka 20 na hakuna karatasi, sasa hivi mkiwa mnacheka wote wawili ndo muda wa kwenda kuisajili.

Kingine, majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanaidi, cheti cha ndoa Mwanahidi, kadi ya mfuko Mwanaid. Herufi moja inasimamisha malipo miezi. Rekebisha leo, kiapo cha majina ni rahisi ukiwa hai na mwenzako yupo.

Na wosia. Wengi wanaogopa wanaona ni kumwombea mtu kifo. RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini) wanasaidia kuandika na wanautunza. Kwa Waislamu mirathi ina mafungu yake, mjane ana moja ya nane wakiwepo watoto, moja ya nne wasipokuwepo, na kama ni wake wawili wanagawana fungu hilo hilo. Kwaiyo kama nyumba mmejenga wote, jina lako liwepo kwenye hati kabla, manake kinachorithiwa ni chake tu, chako kinabaki chako. Kwa waliofungwa na mila, amri ya sheria za mila ya 1963 imewatesa wajane wengi, mtu anafukuzwa kwenye nyumba aliyobeba matofali yake kichwani. Usitegemee huruma ya ndugu wa mume, tegemea karatasi.

Yote hayo hayamfanyi mume kuwa adui. Mi nawaambia kaeni wote mezani, jumlisheni pensheni zenu mbili, halafu mfute ya mmoja muone anayebaki anaishije. Waume wengi wakiona ile namba wenyewe ndo wanasema mama naye afungue ya kwake.

Tukiachana napata nini? Sijawahi kuajiriwa

Sheria ya ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mlizochuma pamoja. Na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani na kulea familia ni mchango katika kuchuma mali. Hiyo kesi ikumbuke jina, mwanasheria wako anaijua. Ila mahakama inaangalia mchango kwa ushahidi, kwaiyo risiti za saruji, meseji za kutuma hela ya fundi, picha, tunza. Na nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, usisaini karatasi ya benki ambayo hujasomewa.

Mkupuo ukiingia niufanyie nini?

Hili swali ndo linaniuma kuliko yote kwa sababu ya mama yangu. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka 33. Mkupuo ulipoingia alilipa mahari ya kaka, akamsaidia mjomba pikipiki, na kilichobaki chote akakimwaga kwenye kiwanja chetu Chanika, vyumba sita vya kupangisha, fundi akamwambia mama weka msingi wa ghorofa kabisa watoto watamalizia. Hela iliishia kwenye lenta. Mpaka leo boma lipo, nondo zimetokeza juu zimeota kutu, ukienda asubuhi utakuta mama amefunga kamba kutoka nondo hadi nondo ameanika kanga zake. Vyumba viwili vyenye bati angeviezeka siku ile vingekuwa vinalipa kodi mwaka wa kumi na moja sasa.

Kwaiyo ushauri wangu ni huu. Miezi sita ya kwanza usifanye chochote kikubwa, weka sehemu unapata faida kidogo na unaweza kutoa, tulia, akili ikae sawa. Usiwatangazie ukoo tarehe. Lipa madeni. Nyumba ya kuishi kama haijaisha imalize kwanza, ya kupangisha jenga chumba kwa chumba, ukiisha kimoja kinaanza kulipa. Biashara ambayo hujawahi kuifanya usiianze na milioni ishirini, ianze na laki tano ukiwa bado kazini.

Halafu matapeli. Wanajua nani kastaafu lini, wanapiga simu wanajifanya maafisa wa mfuko wanataka "hela ya kuharakisha faili". Hakuna hela ya kuharakisha. Na zile za kupanda mbegu uvune mara mbili, wanaokumbuka DECI ya 2009 wanajua watu walivyolia, na kila baada ya miaka michache inarudi kwa jina jipya ndani ya simu. Mtu akikuahidi faida ya uhakika kila wiki, kata simu.

UTT na hatifungani ni kitu kimoja?

Hapana. Hatifungani ya serikali unaikopesha serikali moja kwa moja kupitia mnada wa Benki Kuu. Kima cha chini ni milioni moja, unafungua akaunti ya CDS (ndo inayotunza hatifungani zako) kwa kupitia benki au dalali wa soko la hisa, kuna za miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na 25. Kuponi, yani riba yake, inalipwa mara mbili kwa mwaka, mtaji unarudi mwisho. Mfano tu, milioni 20 kwa kuponi ya asilimia 12 ni milioni 1.2 kila miezi sita. Viwango vinabadilika mnada kwa mnada, angalia cha siku hiyo. Ukiwa na miaka 60 usiogope ya miaka 20, unaweza kuiuza sokoni kabla au warithi wakaichukua, ila ukiiuza haraka haraka bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia.

UTT AMIS ni kampuni ya uwekezaji ya serikali, unanunua vipande kwenye mfuko wa pamoja, wataalamu wanawekeza. Unaanza na hela ndogo. Mfuko wa Ukwasi ni mzuri kwa hela ya karibu, ule wa Hatifungani unaruhusu kupokea gawio kila mwezi au kila miezi sita ukifikisha kiasi walichoweka. Faida haina guarantii, ila rekodi yao inaonekana wazi na thamani ya kipande inatangazwa. Mi nashauri ununue kidogo kidogo ukiwa kazini kwenye mfuko wa kukuza, ukistaafu unahamia wa gawio.

Kwa nini usiache tu kibubuni? Kwa sababu ya bei. Mfumuko wetu miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 3, inaonekana ndogo, ila kwa miaka 20 laki tatu ya leo itanunua vitu vya kama laki na 66 hivi. Na wewe miaka 20 baada ya kustaafu unaitegemea kuishi inshallah.

Nina miaka 45 sijaanza, nimechelewa?

Hesabu nami: 60 toa 45 ni 15, na 15 ndo ile miaka ya kupata pensheni ya kila mwezi. Kwaiyo ukianza mwezi huu na usiruke hata mmoja bado unaingia. Ukianza 46 kwa lazima ya 60 umeshapungukiwa. Ndo maana dada zangu wa 43, 44 nawashika mkono kabisa.

Nje ya mfuko, laki moja kila mwezi kwa miaka 15, ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, inafika kama milioni 41 na ulichoweka mwenyewe ni milioni 18. Ukisubiri mpaka 50, miaka 10, laki ile ile inafika kama milioni 20 tu. Miaka mitano ya kusubiri imekata nusu.

Matibabu je?

Ndo kitu kinachomaliza hela za wastaafu, presha, sukari, magoti. Mtumishi aliyekuwa mwanachama mchangiaji wa NHIF (bima ya afya ya taifa) akistaafu anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kuchangia, hakikisha kadi yako inabadilishwa kuwa ya mstaafu mapema. Wengine wote tenga hela ya bima kabisa, usiichanganye na ya kula.

Niko kijijini, nalima, pensheni yangu ni shamba

Sawa kabisa, ila la nani? Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, hati miliki ya kimila inaweza kuandikwa jina lako au yenu wote wawili. Nenda ofisi ya mtendaji uliza. Halafu panda vitu vya muda mrefu ukiwa na nguvu: mikorosho, michikichi, miparachichi kule nyanda za juu, miti ya mbao. Shamba la mahindi linahitaji mgongo wako kila mwaka, mkorosho uliokomaa unahitaji kupuliziwa na kuokota. Ukiwa na miaka 70 utaona tofauti.

Niko Zanzibar / niko Oman nafanya kazi za ndani

Zanzibar mna mfuko wenu wa pensheni, ZSSF, na zaidi ya hapo kuna Pensheni Jamii iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea hata kama hajawahi kuajiriwa, ilianza 20,000 kwa mwezi ikaja kupandishwa hadi 50,000. Kwa mama aliyelima mwani maisha yote hiyo ni hela yake mwenyewe mkononi, bara bado hatuna kitu kama hicho kwa wazee wote na natamani sana tuwe nacho.

Dada wa Oman: usitume mshahara wote nyumbani. Wengi wanarudi baada ya miaka sita wanakuta kiwanja kimeandikwa jina la kaka. Changia kwa hiari NSSF au nunua vipande ukiwa huko huko kwa simu, jina lako, namba yako. Nyumbani tuma kilichobaki.

Watoto si ndo pensheni yangu?

Watoto ni baraka na wengi wanatunza wazazi wao kwa moyo. Ila yeye akiwa na miaka 35 atakuwa na kodi, ada, mke au mume, na mkopo wa elimu ya juu unakatwa kwenye mshahara. Anataka kukusaidia na hana. Ukiwa na laki mbili yako kila mwezi, msaada wake unakuwa nyongeza, na simu yake ukiipokea mnaongea habari za wajukuu.

Mama yangu ana miaka 67, hana pensheni wala akiba. Nimfanyieje?

Anza na makaratasi: NIDA, na kama uwezo ni mdogo, utambulisho wa mzee wa matibabu bila malipo kwenye hospitali za serikali kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Kama kaya yenu ina hali ngumu uliza serikali ya mtaa kuhusu TASAF.

Kisha kaeni ndugu wote, mkubaliane kila mmoja anatoa ngapi na tarehe ngapi, tarehe iwe moja isibadilike. Sisi kwetu ni tarehe tano ya kila mwezi, tuko ndugu wanne, kila mtu 40,000. Zinaingia kwenye laini ya mama iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, namba ya siri anaijua yeye peke yake, sio mjukuu. Ya kwanza alipopokea alienda mwenyewe kwa wakala, akatoa 10,000, akanunua dagaa na mafuta ya taa, na chenji akaifunga kwenye pindo la kanga.